Tochi ya kukagulia noti, kwenye vinyago vya Kimakonde

Tochi hii ya mwanga wa urujuanimno (UV) wenye maduka huitumia kukagua noti bandia. Mimi nauza vinyago, na naitumia kukagulia mapiko, vinyago vya Kimakonde vinavyovaliwa kichwani kwenye ngoma (kimoja huitwa lipiko). Yangu ni ya nanomita 365, yaani urefu wa wimbi la mwanga wake. Ya 395 usikubali kuuziwa kwa kazi hii, maana inamwaga zambarau nyingi mno hadi mng'ao wa gundi iliyobandikia viraka unafichika.

Kazi inayoiweza hasa ni kufichua viraka. Mteja aliniletea lipiko, ameambiwa ni zima tangu lilipochongwa. Mchana huoni kitu. Nikafunga madirisha, nikaipitisha tochi nyuma ya sikio la kushoto: mstari mweupe wa kibuluu ukawaka, mwembamba kama uzi, ukashuka hadi tayani. Sikio lilikuwa limebandikwa, na juu ya gundi pamepakwa vumbi jekundu ili pafanane na pengine. Kwa hilo tu tochi imerudisha pesa yake. Ila chale za usoni kwenye mapiko mara nyingi huwa za nta ya nyuki, na nta nayo yaweza kung'aa. Mng'ao peke yake si ushahidi wa ukarabati.

Ukija kwenye umri, haina msaada. Muuzaji mmoja alinionyesha lipiko la mpingo, jeusi tii, akaapa kwamba lilichezewa ngoma enzi za mababu. Nilimulika kila pembe, gundi hakuna. Lakini lipiko la kuchezea huchongwa kwa mti mwepesi, kwa sababu mtu analivaa na kucheza nalo; mpingo ni mzito hadi unazama majini. Kazi ile ni nzuri, na aliyeichonga anastahili kusifiwa kwa alichokifanya, siyo kuvishwa uzee wa uongo. Nilimwambia hivyo, na sikununua.

Wala tochi haikwambii kitu kimetoka wapi. Lipiko lililoibwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, mwaka 1984 lilionekana baadaye katika jumba la makumbusho la Barbier-Mueller, Geneva, na likarudishwa nyumbani mwaka 2010. Lile lilikuwa halisi, la wizi tu. Ndiyo maana mimi naanza kuuliza kitu kilitoka kwa nani na stakabadhi ziko wapi, kisha ndipo nawasha tochi.