Mtungi wa povu la kuzimia moto, lita 2: nyota nne kati ya tano

Tunaishi Hamburg, na kila Majilio, zile Jumapili nne za kabla ya Krismasi, mezani kwetu huwekwa shada la matawi ya msonobari lenye mishumaa minne, mmoja kwa kila Jumapili. Desturi yenyewe ni ya mji huu huu: mwaka 1839 Johann Hinrich Wichern, mwanateolojia wa Kilutheri, alipanga mishumaa kwenye gurudumu ili watoto aliowalea wahesabu siku za kuingojea Krismasi.

Balaa huja Jumapili ya nne. Mshumaa wa kwanza umeshawashwa mara zote, umebaki urefu wa kidole gumba, na matawi ukiyagusa yanapukutika. Mwaka juzi ndivyo yalivyoshika, yakilia kama bisi kwenye sufuria.

Nilikuwa na mtungi wa unga wa kuzimia moto wa kilo 1, ule wa kwenye gari. Moto uliuzima mara moja, sikatai. Lakini ule unga! Uliingia kwenye sofa, kwenye vitabu, na kwa kuwa mlango wa jikoni ulikuwa wazi, pilau ya Krismasi nayo ikapata sehemu yake. Redio haikuimba tena.

Ndipo nikanunua huu wa povu. Ukweli ni kwamba nyumbani sijautumia, ila kazini tulifunzwa kwa mitungi ya aina hii: vuta pini, lenga chini pale panapoungua na si kwenye ndimi za moto, bonyeza, pitisha kushoto na kulia. Povu lile ulifute kwa kitambaa, basi. Mke wangu anauinua kwa mkono mmoja.

Nyota moja nimeinyima kwa sababu ya skrubu za kuutundikia, hazifai kwa ukuta wa zege, nilinunua zangu. Kibandiko pia kinataka ukaguzi kila baada ya miaka 2, na fundi niliyempigia alinitajia bei inayokaribia ya mtungi mpya. Na huu wangu si wa mafuta ya kukaangia. Kwa hayo tafuta wenye herufi F. Roshani wakati wa baridi usiuweke, povu litaganda.

Ndoo ya maji karibu na shada nayo inafaa, lakini kwetu kuna mtoto na paka.

Mke wangu alitaka tuufiche nyuma ya pazia kwa ajili ya wekundu wake. Nimeutundika kando ya mlango wa sebule, ili anayeuchukua awe na njia ya kutokea mgongoni mwake. Mama akipiga simu ya video kutoka Moshi huuliza kama yule mgeni mwekundu bado hajaondoka.

Siku hizi mwanangu hagusi kiberiti kabla hajautazama mshale wa geji ya mtungi, ile ya kupima shinikizo.

"Uko kwenye kijani, baba."

Haya, washa.