Apu ya kukagua dawa za moyo: nyota mbili, tatizo ni ile vema ya kijani

Mdogo wangu aliwekewa stenti (kibomba kidogo cha kuuweka wazi mshipa wa moyo) mwaka jana, akapewa bisoprolol, aspirini, atorvastatin na nitrogliserini ya kupuliza chini ya ulimi kifua kikimbana. Wikiendi huwa anavuta bangi na hajawahi kumwambia daktari, anaogopa kugombezwa, akaona bora aiulize hii apu ya simu kama bangi inagongana na dawa zake.

Dawa za hospitali apu inazijua, hilo siwanyimi. Niliweka nitrogliserini na Viagra ikawaka nyekundu hapohapo, na ni kweli, hizo zikikutana presha inaweza kuporomoka mtu akazimia au akafa. Sasa andika bangi, andika kokeini, inakuletea "hakuna mwingiliano uliopatikana" na vema ya kijani pembeni. Jamani! Yaani haina taarifa yoyote halafu inakupa kijani? Kuna utafiti wa Marekani wa 1999 uliokuta kwamba ndani ya saa moja baada ya kutumia kokeini hatari ya shambulio la moyo inapanda karibu mara 24, na apu inayojiita ya moyo imekaa kimya.

Mdogo wangu akaiamini ile kijani, ila akajiongezea tahadhari yake mwenyewe. Nilikuja kugundua kwenye kile kiboksi chake cha vidonge chenye siku saba, kila siku tupu, Jumamosi kidonge cha bisoprolol kimebaki peke yake. Kumuuliza ananiambia huwa anakiruka siku ya kuvuta ili visikutane tumboni.

Nikamburuta kwa mfamasia. Yule dada hakukunja hata uso, alimuuliza tu, "kaka, kuna kitu kingine unavuta, unanusa au unameza? Sikuulizi nikusemee, nataka nijue dawa zako zinapambana na nini." Akafunguka yote! Akaelezwa kwamba bangi inaupandisha mwendo wa moyo ndani ya dakika chache, na bisoprolol ndiyo inayoushikilia, ukiiacha ghafla moyo unaweza kurudi kwa kasi kuliko mwanzo, kwa hiyo kwa mtu mwenye stenti kukiruka kile kidonge ni kujiongezea hatari juu ya hatari. Ushauri wake ni aache bangi kabisa, lakini hata akiteleza kidonge asiruke, na kifua kikimbana asisubiri kipite chenyewe, na akifika hospitali aseme wazi ametumia nini maana hata matibabu watakayompa yanategemea hilo, hasa kwa kokeini ambapo dawa za jamii ya bisoprolol madaktari wanazitumia kwa uangalifu sana.

Dakika 10 hivi, basi, ndiyo yote tuliyoyakosa kwenye apu miezi kadhaa.

Nimewaandikia wenye apu waitoe hiyo kijani, pale wasipojua waandike "hatuna taarifa, muulize mfamasia". Wakirekebisha nitarudi kuongeza nyota.