Ruzuku za Walmart kwa Jamii: Fedha Chache Zinazotolewa kwa Ukaribu

Mpango wa Walmart wa kutoa ruzuku kwa jamii zinazozunguka maduka yake nchini Marekani, uitwao Spark Good Local Grants, unastahili sifa kwanza kwa sababu maombi hupelekwa kwa duka lililo karibu na mwombaji, ambako msimamizi anayeyapitia huenda tayari anaifahamu shule au taasisi inayoomba. Kiasi kinachotolewa ni kati ya dola 250 na dola 5,000, na maombi hupokelewa kwa awamu nne kila mwaka. Makanisa pia hukubaliwa, ilimradi kazi inayoombewa fedha iwanufaishe watu wote bila kujali imani yao, sharti ambalo naliona la haki kabisa.

Hata hivyo, upo udhaifu ambao siwezi kuufumbia macho. Uamuzi unapoanzia mikononi mwa wasimamizi wa maduka, vikundi vinavyojuana nao vinaweza kupata nafasi nzuri zaidi, na jamii isiyo na duka karibu huweza kubaki nje, hata kama uhitaji wake ni mkubwa kuliko wa wengine. Aidha, fedha za kiwango hiki hazitoshi kulipa mishahara wala pango la mwaka mzima. Kwa hiyo nawashauri waombaji waombe kwa ajili ya kitu kimoja kinachoonekana, kama vile vitabu au vifaa vya kuhifadhia chakula, waeleze bayana atakayenufaika, na wahakikishe mapema kwamba usajili wao umekamilika.