Picard sizoni ya tatu: waliomuua Ro Laren sijawasamehe

Nimeimaliza tena Star Trek: Picard sizoni ya tatu, ile tamthilia ya anga za juu ya yule kapteni mzee Picard, na niseme wazi tu, waliomuua Ro Laren sijawasamehe. Najua wengi wanasema hii ndo sizoni iliyookoa jahazi, na mi mwenyewe kuna sehemu nimelia kama mtoto (nitafika huko), lakini kila nikitaka kuisifia namkumbuka yule mama na hereni yake, sifa zote zinanikauka mdomoni.

Kwa msiomjua. Ro aliingia The Next Generation, ile tamthilia ya zamani Picard akiwa kapteni wa meli ya Enterprise, mwaka 1991, afisa wa cheo cha chini, Mbajora (mtu wa sayari ya Bajor), mkorofi, katolewa jela, kwenye meli hakuna anayemtaka. Siku anayofika tu Riker, msaidizi wa Picard, anamkuta na hereni ya kwao sikioni anamwambia vua, sare ni sare. Mwisho wa episodi ndo Picard anakubali aivae. Hereni tu, lakini ukiiangalia ile episodi unaelewa kwamba yule mzee kamkubali kama alivyo. Afu mwaka 1994, imebaki episodi moja tu ya mwisho hadithi ifungwe, anatumwa kuwapeleleza waasi wa Maquis, anaishi nao, anakula nao, moyo unahamia kwao, anamtoroka Picard. Riker anarudi kumletea mzee ujumbe, mzee kakaa kwenye kiti hasemi kitu. Ule uso wa Patrick Stewart, mwigizaji wa Picard, pale mi sijawahi kuusahau. Inakatikia hapo. Hakuna kuombana radhi, hakuna kuonana tena, hakuna nini.

Na wala haikuwa kwamba hawamtaki. Waandishi walitaka wamhamishie Deep Space Nine kabisa, tamthilia nyingine ya Star Trek, mwigizaji wake Michelle Forbes mwenyewe akakataa, ndo akatungwa mhusika mwingine, Kira Nerys, badala yake. Kwa hiyo sisi tuliokuwa tunampenda tukabaki na uso wa Picard kwenye kiti, kuanzia 1994 mpaka 2023. Hesabu mwenyewe hiyo ni miaka mingapi mtu anadai.

Mi nimeanza na kanda za video alizokuwa anakuja nazo baba mdogo, zimerekodiwa kwenye TV huko na matangazo ya sabuni yamo humohumo, tunaangalia sebuleni kwake Kirumba, Mwanza, umeme ukikatika katikati ya vita tunakaa gizani tunabishana nani kafa. Kwa hiyo mtu akiniambia hizi ni "za watoto" au "za wazungu" nakuwa sina hata muda naye.

Sasa sizoni ya tatu inatoka, mi niko na hamu, na kuiangalia mtandaoni kwa bando langu ni kujitafutia njaa ndani ya nyumba, nikaenda mjini, pale karibu na Makoroboi kuna dogo anajaza movie kwenye flashi. Mnawajua hao vijana. Kaweka kompyuta kibarazani, spika inapiga kelele, kuna karatasi la bei limebanduka nusu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nataka Picard ya tatu, yote."

Anatafuta, anatafuta, anacheka. "Hii ya vibabu? Kumbe we mzee unaangaliaga hizi?"

Nikamwambia nimeanza kuziangalia hujazaliwa. Ningekaa kimya mimi! Dogo anakopi huku anachati, hata usoni haniangalii, anasema, "Basi yule mama wa hereni anakufa humo. Ya tano. Analipuka na kichombo chake."

Jamani.

Nikamuuliza kwa nini umeniambia. Anasema, "Kwani mzee si umesema unazijua zote?" Afu ananirudishia chenji na flashi. Hata pole hakuna. Kuna mteja mwingine pembeni anacheka! Nimesubiri tangu baba mdogo ana nywele kichwani, leo mtu ananimalizia utamu huku anahesabu sarafu. Nilitembea mpaka stendi nikiongea peke yangu, konda ananiuliza unaenda wapi nikamjibu vibaya na yeye, hakuwa na kosa maskini.

Kwa hiyo inawezekana hasira zangu nusu ni za yule dogo. Inawezekana. Lakini hapana, maana nimeirudia ile episodi nikiwa nimetulia na hasira ikarudi vilevile.

Ngoja niwaambie inavyokuwa. Ro anapanda kwenye Titan, meli aliyomo Picard, sasa ni kamanda wa upelelezi, nywele zina mvi, anamhoji Picard kama mtuhumiwa. Wakati huo wale viumbe maadui wanaojigeuza sura wameshajipenyeza Starfleet nzima, yaani jeshi lao la anga, kwa hiyo hakuna anayemwamini mwenzake. Wanaingia holodeki, kile chumba cha kutengeneza mazingira, iko baa tupu, na wote wawili wana silaha mkononi. Na hapo wanaanza kutoleana ya moyoni. Picard anamuuliza kwa nini ulinisaliti, na mama anamjibu kwamba we ulinipenda pale nilipokuwa vile unavyotaka wewe. Sio maneno yenyewe hayo nayaeleza kwa kifupi, lakini maana ndo hiyo, na ni kweli tupu! Miaka yote hiyo mi nilikuwa upande wa Picard, na mama yule kwa dakika chache kanihamisha. Na wanavyogundua kwamba kila mmoja ni yeye kweli sio kwa vipimo, vipimo vimeshafeli, ni kwa maumivu. Anayejigeuza anaweza kuiba sura, anaweza kuiba damu, lakini kinyongo cha namna ile ataiba wapi. Wanashusha silaha.

Aisee. Niseme ukweli wangu, hiyo ni sini bora kuliko zote kwenye sizoni zote tatu za Picard. Labda bora kuliko vingi vya zamani pia.

Afu dakika chache mbele wanamuua! Anamkabidhi Picard hereni yake, anaingia kwenye chombo chake kidogo, kumbe wametega bomu humo, na yeye akiona hakuna namna anakigeuza anakipigiza kwenye ile meli ya adui ili Titan ipate nafasi. Ndani ya hereni kuna taarifa zake zote za upelelezi na njia ya kuwasiliana na wapelelezi wake, Worf (mwenzao wa zamani wa Enterprise) na Raffi. Yaani wamemrudisha kwa episodi moja, wamemfanya tarishi wa kuleta hereni, wakamlipua. Worf mwenyewe, mtu ambaye mwigizaji wake ndiye ametokea kwenye episodi nyingi kuliko mwigizaji yeyote wa Star Trek, alikuwa anafanya kazi chini ya huyo mama, na hatukupewa hata sini moja wamekaa pamoja. Wangekaa tu. Wanywe chai. Sitaki hata vita.

Na wala sio Ro peke yake, ndo ugonjwa wa hii tamthilia kuanzia mwanzo. Sizoni ya kwanza ya mwaka 2020 walimleta Icheb, yule kijana wa Kiborg (Borg ni viumbe nusu mtu nusu mashine) tuliyemuona anakua kwenye Voyager, tamthilia nyingine ya Star Trek, mwigizaji kabadilishwa, dakika ya kwanza tu ya episodi kalazwa kitandani anang'olewa jicho akiwa macho bila ganzi. Wanachimba kichwani kutafuta kile kifaa cha Kiborg na hawakioni, na sisi tuliokuwepo tunajua hawakioni kwa nini, kwa sababu alishampa Seven, dada aliyekuwa Borg kama yeye, ili asife. Yaani mwandishi anaijua hadithi! Anaijua vizuri kabisa! Afu anaitumia kumchinja mtoto, na Seven mwenyewe ndo anammalizia kwa risasi kumpunguzia mateso. Mke wangu alikuwa anakula, akahamisha sahani akaenda kula nje. Hugh, yule Borg aliyepewa jina, wa mwaka 1992, wamemleta, wakamuua. Shelby, yule dada machachari wa episodi ya Best of Both Worlds ya 1990, karudi ni admirali, anatoa hotuba, sekunde chache vijana wake wa melini wanampiga risasi, tunamuona kwenye skrini tu. Data, yule roboti wao, kafa 2002 kwenye filamu ya Nemesis, kaagwa tena kwenye sizoni ya kwanza kwa heshima zote mi nikalia, sizoni ya tatu huyu hapa kafufuka anacheka. Q, yule kiumbe mwenye uwezo wa ajabu, kafa sizoni ya pili, mwisho wa tatu huyu hapa. Mkiangalia vizuri mtaona wanaorudishiwa uhai ni wale wenye majina makubwa kwenye bango, hawa wengine wameitwa ukumbini kwa mchango wao, wakapigwa picha, wakatolewa nje kabla ubwabwa haujapakuliwa.

Sasa Shaw. Hapa ndo nachanganyikiwa. Kapteni Shaw wa Titan ni mpya, hatukuwa naye zamani, na nilimchukia siku ya kwanza, mdomo mchafu, anamwita Seven kwa jina la Hansen makusudi wakati dada wa watu hataki. Mpaka episodi ya nne. Anamkuta Picard anawasimulia vijana stori za ushujaa, wanacheka, anawakatisha. Anasimulia vita ya Wolf 359, siku Picard akiwa ametekwa na Borg akatumika kuua maelfu ya watu wake mwenyewe. Shaw alikuwa fundi tu kwenye mojawapo ya meli zile. Wamebaki hamsini, chombo cha kuokolea kina nafasi kumi, afisa anaanza kunyoosha kidole, wewe, wewe, wewe. Yeye akawa wa mwisho kuchaguliwa na mpaka leo hajui kwa nini yeye.

Nilisimamisha. Sisi wa huku hiyo hesabu ya nafasi tunaijua. Meli ya MV Bukoba ilizama Mei 21, 1996, imebakiza kidogo tu ifike Mwanza, mamia ya watu, na makaburi yao yapo Igoma, watu tunapita na daladala kila siku. Mtaani kwetu alikuwepo mzee mmoja alinusurika, na mzee yule alikuwa mkali kwelikweli, watoto wakicheka karibu yake anawatukana, tulimwona ana roho mbaya tu. Sijawahi kuona mtu kwenye TV akimwigiza yule mzee mpaka nilipomuona Todd Stashwick amekaa pale anamnyooshea Picard kidole. Mwigizaji sikumjua kabisa kabla, na kamfunika kila mtu.

Na yeye wakamuua! Episodi ya tisa. Anakata roho anamkabidhi Seven meli na ndo anamwita kwa jina lake anavyotaka mwenyewe. Mi na uzee wangu nikapiga mto ngumi. Lakini, na hapa nitajipinga mwenyewe, kifo cha Shaw nimekikubali. Kimepikwa. Kimepewa episodi tisa. Na kwenye ya mwisho kuna ile rekodi yake anampendekeza Seven apande kuwa kapteni, anamponda na kumsifia hapohapo, sasa hicho ndo kifo cha mtu anayeheshimiwa. Kumbe wanajua kuua vizuri wakitaka. Ndo inaniuma zaidi kuhusu Ro.

Haya, kulia. Geordi, fundi wao mkuu, kaitengeneza upya Enterprise-D kwa siri miaka ishirini, ile yenyewe ya kwetu, wanaingia wazee wote saba, taa zinawaka, sauti ya kompyuta ni ileile ya Majel Barrett, na Picard anasema alichokimisi zaidi ni zulia. Zulia! Nililia mpaka mwanangu akaja kuniuliza baba kuna nini. Kama ulilelewa na ile meli huwezi kuchomoka pale. Na yule Alandra binti wa Geordi ni binti wa kweli wa LeVar Burton, mwigizaji wa Geordi, kwa hiyo ukiwaona wanaangaliana ile sio kuigiza tu. Mwisho wanakaa mezani wanacheza karata kama walivyomaliza 1994. Nikasema sawa, yameisha, nimewasamehe, hii ni kumi kwa kumi.

Asubuhi nikaamka nikakumbuka pale mezani hakuna mtu aliyemtaja Ro. Nane. Baadae nikafikiria Shelby, saba. Leo nikiandika nimeirudia ile sini ya baa nikasema hapana bana, tamthilia yenye sini kama hii huwezi kuipa saba, uwe na adabu. Sasa sijui.

Anayetaka kuanza, sizoni ya pili ruka, wanarudi mwaka 2024 Los Angeles wanazunguka weee mpaka unachoka. Lakini kabla ya ya tatu tafuta zile mbili za Ro, Ensign Ro na Preemptive Strike, bila hizo baa haitakuuma. Na kama unajaziwa kwenye flashi lipa, chukua, ondoka, usipige stori na mtu.

Mi juzi nilikuwa nafuta sizoni ya kwanza nipate nafasi ya video ya harusi ya shemeji kwenye flashi. Nimefuta zote nikafika kwenye Nepenthe nikasita, maana hiyo ndo yenye Riker na Troi kwao, jiko la nje, Riker anaoka piza, binti yao Kestra anamhoji mgeni maswali, ni nyumba ambayo ukiiangalia unatamani uhamie. Afu ndo episodi hiyohiyo wanayomuua Hugh. Mke wangu kasema futa, harusi haienei. Bado sijafuta.