Watu saba, sauti moja

Nina hasira, na wala si na tamthilia yenyewe. Ni na aliyeitafsiri.

Kill Me, Heal Me ya Korea ni ya 2015, najua, nimechelewa. Nilikwenda kibanda cha muvi hapa mtaani nikajaziwa kwenye flashi vipande vyote 20, vya kutafsiriwa, kwa ajili ya mama, maana maandishi ya chini yanampita. Ji Sung anacheza Do-hyun, kijana wa ukoo wa matajiri ambaye mateso ya utotoni yamempasua nafsi: mwili mmoja, watu saba. Sasa bwana mmoja, kwa sauti ileile ya kukwaruza, anawasemea wote saba! Na daktari. Na bibi mwenyekiti wa kampuni. Perry Park, mmoja wa hao saba, anaongea lahaja ya mkoani Jeolla, Wakorea wenyewe wanacheka; sisi tukapewa sauti ileile. Yo-na, binti wa miaka 17, anamkimbiza kaka wa watu kwa mapenzi, sauti ya konda wa daladala.

Kilichonimaliza ni pale Se-gi, yule mkorofi kati ya hao saba, anapomwambia Ri-jin, dada daktari wa magonjwa ya akili, akariri: 7 Januari 2015, saa nne kamili usiku, ndipo alipompenda. Palepale mtafsiri wetu akaanza kusalimia wateja wake na kutaja namba ya simu! Na ugonjwa wenyewe anauita mapepo. Mapepo! Wakati Se-gi alizaliwa ili abebe maumivu ambayo yule mtoto hakuyaweza, na hadithi nzima imesimama hapo.

Nikarudi kibandani. Kijana macho kwenye simu, hata hakuniangalia: "Dada, si ulitaka Kiswahili? Hicho si Kiswahili?"

Basi usiku tukazima sauti, nikawa namsimulia mama mwenyewe. Vipande vichache tu, akawa hanihitaji. "Kapaka wanja huyo, yule mkorofi. Haya, ona mabega yameshuka, karudi mwenyewe." Na kweli kapatia! Sauti hakuna, Kikorea hakijui, anawatambua mmoja mmoja kwa macho tu. Huyo Ji Sung ni moto.

Nilianza kuandika niwaambie msiinunue. Nafuta. Inunueni, ila ya kutafsiriwa... sijui niseme nini, maana jana mama kaomba sauti irudishwe. Eti yule bwana wa mapepo anamchekesha.