Mpira wa mazoezi au kiti cha ofisi?

Mpira mkubwa wa mazoezi ulianza kutengenezwa Italia mwaka 1963, na wataalamu wa fiziotherapia wa Uswisi wakauingiza kwenye tiba. Haukuundwa uwe kiti, na mgongo hulijua hilo mapema. Nusu saa ya kwanza ni tamu: unakaa wima, tumbo limekaza, nyonga zinacheza. Kisha misuli inachoka, unajikunja, na hakuna pa kuegemea wala pa kuweka mikono. Kiti chenye egemeo hukubebea uzito huo, na kimo chake unakirekebisha kulingana na meza. Mpira hupoteza hewa taratibu. Usipoujaza, magoti yanapanda juu ya nyonga. Kwa kazi ya kutwa nachagua kiti. Mpira naukalia dakika 20 asubuhi, basi.