Ngome ya Château Gaillard au ya Corfe: upande kilima kipi?

Ukipenda ufundi wa ujenzi, nenda Château Gaillard, Ufaransa. Richard wa Kwanza wa Uingereza aliisimamisha juu ya mto Seine kwa kasi ya ajabu, 1196 hadi 1198. Ukuta wake wa ndani umefinyangwa kwa nusu duara zilizopangana kama mawimbi, ili mawe ya kurushwa yasipate pa kugonga sawasawa. Haukuiokoa: Philippe II, mfalme wa Ufaransa, aliitwaa 1204.

Corfe, huko Dorset, Uingereza, haina ujanja huo. Mnara wake ni wa mraba tu, wa karne ya 12. Ila kifo chake kinasisimua zaidi: ilisalitiwa kutoka ndani, kisha Bunge la Uingereza, katika vita vyake na mfalme, likailipua kwa baruti 1646. Kuta zimeinama hadi leo, kama mlevi aliyegoma kuanguka.